SOMO: USALAMA WA MVUVI KATIKA MLANGO WA MTO



Madhumuni ya somo hili ni kueleza kwa nini mahali mto unapoingia baharini ni pa hatari kwa chombo cha kuvulia, ni saa zipi chombo chaweza kupita kwa salama, na ni wajibu gani unaoiangukia Kamati ya chama. Inafaa somo lisomwe kwa sauti mkutanoni, sehemu moja baada ya nyingine, kisha wanachama wajadili maswali yaliyo mwishoni.

1. Maji yetu huenda wapi

Huenda mwanachama wa Ulaya akauliza: Sisi ni wakulima wa bara, habari za mlango wa mto zatuhusu nini? Jibu limo mtoni. Mto Miyombo, upitao Ulaya, hushukia katika uwanda wa Mkata. Maji ya uwanda huo, pamoja na yale ya Mkondoa upitao Kilosa mjini, huwa Mto Wami, na Wami hufika baharini karibu na Saadani. Kusini ya Mikumi nako, Ruaha Mkuu hupita karibu na Kidodi na Kidatu kwenda kuungana na Rufiji, nao Rufiji huingia baharini kwa milango mingi iliyotawanyika ndani ya msitu mkubwa wa mikoko, mkabala na kisiwa cha Mafia.

Kwa hiyo mvua inyeshayo katika milima yetu ndiyo inayotia nguvu mkondo anaokutana nao mvuvi wa Wami au wa Rufiji. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Kilosa ilipofurika, maji ya Mkondoa yalibomoa tuta, yakaharibu njia ya reli na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Maji ya namna hiyo hayakomi Kilosa. Huteremka yakiwa na tope, magogo na miti iliyong'oka, hata yakafika mahali ambapo mtu mwingine ametega nyavu zake.

Aidha, wako wanachama wetu wavuao kwa mitumbwi katika mito na mabwawa ya huku huku. Kwao hakuna kujaa na kupwa kwa bahari, lakini mafuriko ya ghafla, magogo, mamba na viboko wapo. Sehemu kubwa ya somo hili inawafaa na wao pia.

2. Fungu la mchanga na mawimbi yake

Mto uendao kasi hubeba mchanga na tope. Ukifika baharini mwendo wake hupungua, na mzigo ule hutuama. Baada ya muda hujengeka fungu la mchanga mbele ya mlango, likiacha mkondo mmoja au miwili yenye kina. Fungu halikai mahali pamoja. Baada ya masika makubwa mkondo uliokuwa kusini waweza kuhamia kaskazini, na nahodha aliyeufahamu mwaka jana akajikuta juu ya mchanga mwaka huu. Tena maji ya mto ni ya tope, hayaonyeshi chini.

Ili tuone uzito wa jambo hili, tukumbuke historia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya delta ya Rufiji tangu mwaka 1914. Manowari kubwa za Uingereza ziliizingira kwa miezi mingi lakini hazikuweza kuifuata ndani kwa sababu ya uhaba wa kina. Ilibidi Waingereza walete manowari mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, ndizo zilizoingia na kuimaliza Julai 1915. Ikiwa manowari zenye mizinga na ramani zililazimika kuliheshimu fungu, sembuse mashua yetu yenye watu wanne na injini moja!

Hatari yenyewe hutokea hivi. Wimbi litokalo kwenye maji ya kina ni pana, na chombo hupanda na kushuka nalo bila taabu. Likifika juu ya fungu, sehemu ya chini huzuiliwa na mchanga, na ile ya juu huendelea mbele. Wimbi husimama wima, kisha huvunjika. Kama wakati huo huo maji ya mto yanatoka kwa nguvu kukutana na upepo utokao baharini, mawimbi hukaribiana, huwa mafupi na yenye ncha. Chombo hakipati nafasi ya kuinuka. Yapo basi mambo matatu ambayo nahodha hana budi kuyapima kwa pamoja: mto, maji ya bahari na upepo. Kila moja likiwa peke yake laweza kustahimilika. Yote matatu yakikutana vibaya, chombo huzama.

3. Hesabu ya kujaa na kupwa

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka maji kujaa kabisa mpaka kupwa kabisa ni saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya nyakati hizo huwa maji mafu, na mkondo hupungua nguvu.

Wengi hudhani kwamba maji hupungua kwa kiasi kilekile kila saa. Sivyo. Gawanya tofauti ya kujaa na kupwa katika mafungu 12. Saa ya kwanza hutoka fungu 1, saa ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Maana yake, nusu ya maji yote hutoka katika saa mbili za katikati, na hapo ndipo mkondo una kasi kubwa kuliko wakati wowote.

Tuchukue mfano wa siku ya bamvua. Tuseme tofauti ya kujaa na kupwa ni meta 3, na maji yakijaa kabisa juu ya mchanga kuna kina cha meta 3.50. Maji yamejaa saa 10 alfajiri. Kina kitakuwa hivi:

Saa 11 alfajiri: meta 3.25
Saa 12 asubuhi: meta 2.75
Saa 1 asubuhi: meta 2.00
Saa 2 asubuhi: meta 1.25
Saa 3 asubuhi: meta 0.75
Saa 4 asubuhi: meta 0.50

Sasa tuseme kuna mawimbi ya meta 1, na chombo kikiwa na mzigo huzama sentimeta 60. Kila kiingiapo kwenye bonde la wimbi, maji chini yake hupungua kwa nusu meta hivi. Atokaye saa 12 asubuhi anabaki na meta 2.25 chini ya bonde, atapita. Atokaye saa 2 anabaki na sentimeta 75, yaani sentimeta 15 tu kati ya chombo na mchanga. Tena kwa kina kile mawimbi ya meta 1 yameanza kuvunjika. Atokaye saa 3 anabaki na sentimeta 25. Huyo atagonga chini, atageuzwa ubavu, na wimbi la pili litamfunika.

Tofauti ya aliyepita na aliyezama ni saa mbili au tatu tu. Chombo ni kilekile, nahodha ni yuleyule.

Saa za kurudi nazo zihesabiwe kabla ya kutoka. Katika mfano huu maji huanza kujaa tena saa 4 asubuhi. Juu ya fungu kutakuwa na meta 2.00 saa 7 mchana, na meta 2.75 saa 8. Basi wakati mwema wa kuingia ni kuanzia saa 8 mpaka saa 10 alasiri. Aliyemaliza kuvua saa 5 asubuhi asikimbilie nyumbani. Atie nanga nje kwenye kina, angoje.

Hizi ni takwimu za mfano. Kila chama kipime fungu lake chenyewe kwa pondo au kwa kamba yenye jiwe, siku ya maji matulivu, na kurudia kupima kila baada ya masika. Tena ikumbukwe kwamba mto ukifurika, maji hutoka kwa muda mrefu zaidi na mkondo wa kujaa hudhoofika. Hesabu ya saa sita hubadilika.

4. Upepo na taarifa zake

Milango ya Wami na Rufiji huelekea mashariki. Upepo wa kusi na ule wa kaskazi, kila mmoja kwa msimu wake, hutoka upande wa baharini. Kwa hiyo kila maji yanapotoka, upepo mkali wa msimu huyapinga. Alfajiri mara nyingi huvuma upepo mwepesi wa nchi kavu ambao wanamaji huuita umande. Kadiri jua linavyopanda upepo wa bahari huongezeka. Nahodha asidanganywe na utulivu wa alfajiri akadhani kwamba ndio hali ya siku nzima.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza utabiri wa upepo na mawimbi, na hutoa onyo kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Mapema mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, onyo lilitangulia kimbunga. Taarifa kama hizo hazimwokoi asiyezisikia. Katibu azisikilize kila jioni na kuziandika ubaoni pale ufukweni, pamoja na saa za kujaa na kupwa za siku inayofuata.

5. Kabla ya kutoka

Nahodha ahakikishe yafuatayo:

(a) Kila mtu chomboni ana jaketi la kuokolea maisha, naye amelivaa. Jaketi linalokaliwa kama mto wa kiti halimfai mtu siku ya msiba.

(b) Pana nanga yenye kamba ndefu, angalau mara tano ya kina cha maji. Kamba ifungwe omoni, yaani mbele ya chombo. Nanga itiwayo tezini huvuta nyuma ya chombo chini, na mawimbi huingia.

(c) Pana makasia hata kama injini ni mpya, upo wa kufulia maji, kisu kilicho karibu na mkono, maji ya kunywa, tochi, na filimbi au kioo cha kuitia msaada. Simu ifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

(d) Nyavu zimepangwa chini katikati, hazikurundikwa juu, wala hazikuzagaa miguuni. Watu wengi hawauawi na maji bali na nyavu zao wenyewe.

(e) Idadi ya watu na uzito wa shehena haizidi uwezo wa chombo. Samaki wengi wanaporudi nao ni shehena. Fungu lile lile lililopitwa asubuhi huwa jembamba kwa chombo kizito.

(f) Chombo kimesajiliwa na mvuvi ana leseni, kama itakavyo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Mipaka ya hifadhi nayo iulizwe kwa Afisa Uvuvi mapema, hasa upande wa Saadani, na kwa ndugu zetu wa bara upande wa Mikumi.

6. Wakati wa kuvuka

Kabla ya kuingia kwenye fungu, nahodha asimamishe chombo mahali pa kina na kuyatazama mawimbi kwa muda. Mawimbi huja kwa makundi: makubwa machache, kisha madogo. Avuke katika utulivu ufuatao makubwa. Mahali yanapovunjika kwa mstari mweupe ndipo penye mchanga. Mahali yanapopita bila kuvunjika ndipo penye mkondo wa kina.

Akitoka, omo ielekee wimbi, wala asiende kasi hata chombo kikaruka na kuanguka. Akiingia, afuate mgongo wa wimbi lililotangulia na kwenda kwa mwendo wake. Asilipite, wala asikubali lile la nyuma limkute amekaa ubavu. Akiona shaka, arudi kwenye kina na kungoja. Injini ikizimika karibu na fungu, nanga itangulie kushuka ndipo injini itazamwe. Walio wengi hufanya kinyume: huvuta kamba ya injini huku mkondo ukiwapeleka mahali pabaya.

Amri chomboni ni ya mtu mmoja. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini baharia yeyote akisema kwamba anaona hatari, nahodha mwema husikiliza.

Chombo kikipinduka, watu wasikiache. Chombo cha mbao hata kikijaa maji huelea, nacho huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Wakishike, wahesabiane, wapige filimbi. Aogeleaye kufuata ufuko huku maji yanatoka anashindana na mto mzima.

7. Mamba, viboko na magogo

Ndani ya mlango, kwenye maji ya mto, hatari hugeuka sura. Mtu asining'inize mkono au mguu nje ya mtumbwi, wala asisimame majini kuosha nyavu au kusafisha samaki wakati wa magharibi. Kiboko asikaribiwe, na chombo kisipite kati yake na maji ya kina, kwa maana huko ndiko kimbilio lake. Usiku hupanda nchi kavu kula majani. Njia zake za kupandia zisifanywe bandari. Baada ya mvua kubwa za bara, mwendo wa usiku uachwe kabisa, kwani gogo lililozama nusu halionekani.

8. Wajibu wa chama

Mpaka hapa tumesema juu ya nahodha. Lakini katika mfano wetu, kwa nini mmoja alitoka saa 12 na mwingine saa 2? Mara nyingi jibu haliko chomboni. Duka la chama huuza mafuta, na mwenye ufunguo hufika saa 1 na nusu. Wavuvi hupanga foleni huku bahari inapwa. Kamati inayofungua duka kwa kuchelewa huwapeleka wanachama wake kwenye fungu katika saa mbaya kuliko zote. Mafuta na yauzwe jioni ya kuamkia safari.

La pili ni deni. Mwanachama amekopeshwa injini, na marejesho ni kila Jumamosi. Upepo mkali umevuma Jumanne, Jumatano na Alhamisi, hakutoka. Ijumaa upepo bado upo, lakini kesho ni siku ya kulipa, na jina la asiyelipa husomwa mkutanoni. Mtu huyo atatoka. Hasukumwi na ujinga wa bahari. Anaijua kuliko sisi tuandikao masomo. Anasukumwa na masharti tuliyoyapitisha kwa mikono yetu.

Inapendekezwa kwamba kila chama kinachokopesha zana za uvuvi kipeleke mbele ya Mkutano Mkuu sharti jipya: siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari kwa pwani husika, au Kamati imefunga mlango wa mto kwa sababu ya mafuriko, iandikwe daftarini, na tarehe ya marejesho isogezwe mbele kwa idadi ya siku hizo bila adhabu. Mhasibu na asiogope. Mkopo uliochelewa siku nne hulipwa. Injini iliyozama hailipi, na mjane hawezi kuidai bahari.

La tatu, mkopo wa injini usitolewe bila majaketi ya watu wote wa chombo ndani ya mkopo huo huo.

La nne, pawe na daftari la kutoka na kurudi, lenye jina la chombo, majina ya watu, upande wanakokwenda, saa ya kutoka na saa ya kutazamiwa kurudi. Mtu mmoja apewe kazi ya kulitazama kila alasiri. Saa ikipita na chombo hakijaonekana, atoe habari mara moja kwa vyombo vilivyo karibu, kwa Polisi na kwa Afisa Uvuvi. Daftari lisilotazamwa ni karatasi tu.

La tano linawahusu ndugu wa Ulaya na wa vyama vingine vya bara. Miongoni mwa misingi saba ya ushirika iliyothibitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995, wa sita ni ushirikiano miongoni mwa vyama vyenyewe. Msingi huo una kazi hapa. Miyombo au Mkondoa ikijaa hata kutishia kingo, Katibu wa bara apige simu kwa chama cha chini ya mto: maji yamepanda leo, magogo yanateremka. Mafuriko huchukua muda kufika baharini. Simu hufika mara moja. Makatibu wa bara na wa pwani na wabadilishane namba kabla mvua hazijaanza.

9. Maswali ya majadiliano

1. Chukueni mfano wa sehemu ya 3. Chombo kinachozama sentimeta 80 kitakuwa na kina gani chini yake saa 1 asubuhi, mawimbi yakiwa ya meta 1?
2. Duka la chama chetu hufunguliwa saa ngapi, na saa hiyo maji huwa katika hali gani siku za bamvua?
3. Masharti yetu ya mkopo yanasema nini juu ya siku za hali mbaya ya hewa? Ni nani atakayeandika rasimu ya sharti jipya, na italetwa lini mbele ya Mkutano Mkuu?
4. Je, majaketi yaliyopo yanatosha watu wote watokao kwa siku moja? Yahesabiwe, na idadi iandikwe katika kumbukumbu za mkutano.
5. Ni chama gani kilicho juu yetu mtoni, na ni kipi kilicho chini yetu? Ni nani mwenye namba zao za simu?

Katibu anaombwa kuandika majibu ya swali la 3 na la 4 katika kumbukumbu za mkutano, na kuyasoma tena katika mkutano unaofuata, ili wanachama waone lililotendeka na lililosalia.